Frigo ya Anita

Mlango wa daktari ulikuwa wa mbao nyembamba, na kicheko cha Anita kilipita humo bila kizuizi. Beatrisi alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele kwa sababu ya kidonda, akisikiliza. Alimsikia dada yake akisema jambo kwa Kifaransa, daktari akajibu, kisha wote wawili wakacheka tena, kicheko cha watu waliozoeana. Ilikuwa siku ya wagonjwa wa sukari, ambayo huja mara moja kwa mwezi, na benchi lilikuwa limejaa. Wengine walisinzia. Beatrisi peke yake ndiye aliyekuwa akichomeka rohoni.

"Wanacheka nini na ugonjwa?" alimuuliza mumewe.

"Watajua wenyewe," Yonasi alijibu, akapiga miayo.

Tuseme ukweli mapema, maana hadithi hii haina faida kufichwa. Beatrisi alikuwa na wivu. Alikula nao, akalala nao, akaenda nao shambani, na wivu huo ulikuwa na jina la mtu mmoja tu. Utajiri wa watu wengine wa Rumonge aliuvumilia: wenye maboti, wenye maduka ya saruji, hata yule wa nyumba ya ghorofa karibu na bandari aliyempita kila siku bila kumsalimia. Wa Anita ulimshinda, kwa sababu Anita alitoka tumbo moja naye.

Mlango ukafunguka. Anita akatoka na mkoba wake wa ngozi, ana miwani, ananukia sabuni nzuri, na daktari akamsindikiza hadi kizingitini. Daktari Leonidasi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana mwenye haraka, na watu wa kuwahudumia walikuwa wengi kuliko saa za siku. Lakini hakuna mwingine aliyesindikizwa hadi kizingitini asubuhi ile, na Beatrisi aliliona hilo vizuri.

Zamu yake ilipofika, mambo yalikwenda mbio. Daktari alifungua kitambaa, akakitazama kidonda, akakunja uso, akaanza kusema kwa Kirundi huku akichanganya na Kifaransa. Kirundi Beatrisi alikuwa nacho, ila kilikuwa Kirundi cha jikoni, alichokipata kwa mama yake kule Tanzania: maneno ya chungu, ya mtoto na jembe, na matusi machache ya kufukuzia mbuzi. Maneno ya figo na mishipa hayakuwamo. Daktari akauliza swali, Beatrisi akaitikia kwa kichwa. Akauliza lingine, akaitikia tena. Ndiyo adabu waliyojifunza wakimbizi wote katika ofisi za kambini: ukiulizwa na mtu mwenye mhuri, onyesha umeelewa, usije ukarudishwa mwisho wa foleni.

Neno moja tu alilishika, nalo ni frigo, yaani jokofu. Daktari aliuliza kama nyumbani iko frigo. Beatrisi akatikisa kichwa, na uso ukamwaka moto. Sasa huyu anataka kujua umaskini wangu una ukubwa gani, alijisemea. Daktari akauliza jambo lingine, naye akatikisa kichwa tena bila kuelewa; daktari akashusha pumzi, akamwandikia vidonge vilevile vya siku zote. Kisha akafanya jambo ambalo halikuhitaji lugha. Alipitisha kidole juu ya kifundo cha mguu wa Beatrisi, taratibu, kutoka upande huu hadi upande ule.

Hilo Beatrisi alilielewa. Mama yake alichorewa mstari kama huo kabla ya kukatwa mguu, na mwaka haukwisha akafa.

Nje, Anita alikuwa bado anamsubiri chini ya kibaraza.

"Mudogo wangu, dokiteri amesema nini?"

"Amesema ninaendelea vizuri."

"Na kile kidonda?"

"Kinakauka."

Anita aliutazama mguu, akamtazama na Yonasi, ambaye ghafla alianza kutafuta kitu mfukoni. "Mara ingine tuingie wote wawili," Anita alisema. "Mimi niko na Kifaransa, nitakusemea. Wewe unakaa tu."

"Asante, dada. Nina mdomo wangu."

Akaondoka akichechemea, kichwa juu. Hakutaka mguu wake upitie kinywani mwa Anita. Aliona kwamba dada yake alikuwa na vyote, sasa anataka hata kumwelezea Beatrisi maumivu ya Beatrisi.

Habari za dada hawa wawili ni fupi. Mwaka wa sabini na mbili, watu wa Rumonge walipokimbia mauaji kuokoa roho zao, mama yao Generoza alivuka kwenda Tanzania na Beatrisi mgongoni, mtoto wa kunyonya. Anita, aliyekuwa na umri wa kutumwa dukani, alikuwa amekwenda Bujumbura kumtembelea shangazi. Barabara ikafungwa nyuma yake. Basi, yakawa ndiyo hayo. Anita akakua mjini, akasomeshwa na masista, akafanya kazi benki mpaka akastaafu, na marehemu mumewe akamwachia nyumba ya vigae pale Rumonge. Beatrisi akakulia Mishamo, kambini kule Tanzania, akalima tumbaku na mahindi, akaolewa na Yonasi, mkimbizi mwenzake. Waliporudi Burundi watoto wao walikuwa wameshaota ndevu. Walipewa kipande cha michikichi kule Kizuka, pamoja na jina jipya ambalo hawakuliomba: Watanzania. Mama yao hakurudi. Alizikwa hukohuko Mishamo, na Anita hakupata kumwona tena.

Beatrisi alilitazama jambo hilo upande mmoja tu. Siku moja ya kumtembelea shangazi ilimpa Anita shule, mshahara, miwani na daktari wa kucheka naye. Angebaki yeye, leo yeye ndiye angesindikizwa hadi kizingitini. Kitu pekee walichogawana sawasawa ni sukari. Waliirithi kwa mama yao wote wawili, na hata hiyo sukari, Anita aliugua vizuri zaidi.

Alikuwa na sindano zilizofanana na kalamu, zilizotoka Bujumbura. Alikuwa na kimashine cha kupimia damu nyumbani. Beatrisi alikuwa na vidonge, na zahanati ilipoishiwa aliagizwa akanunue mwenyewe, naye akavikata nusu nusu ili vifike mwisho wa mwezi. Alishaamua moyoni kwamba sindano ndiyo dawa yenyewe, na vidonge ni vya kuwatuliza maskini wasipige kelele. Hakuna aliyemwambia vinginevyo kwa lugha ambayo angeielewa.

Wiki ileile Anita alikuja Kizuka. Miezi hiyo petroli ilikuwa shida, magari yamelala, kwa hiyo mama wa watu wa benki alifika amepakiwa kwenye baiskeli, amekumbatia kikapu chenye mfuniko, vumbi limempanda hadi kwenye nyusi. Beatrisi alifurahi kumwona na vumbi. Alimpa kiti, akampa maji, akamuuliza habari za njiani, na alipoona mgeni anataka kuzungumza zaidi akakumbuka kazi nyingi uani.

Ndani ya kikapu kulikuwa na viatu laini visivyobana na soksi za pamba. Chini yake, kimefungwa kwenye kitambaa, kulikuwa na kimashine cha kupimia damu.

"Ni ile yangu ya zamani," Anita alisema. "Nimepata ingine. Iko inafanya kazi vizuri. Nitakuonyesha."

Ya zamani. Neno hilo Beatrisi alilisikia kuliko mengine yote. Alishukuru kama inavyotakiwa, akapokea kwa mikono miwili, na Anita alipokwisha kuondoka akakisukuma kikapu chini ya kitanda.

"Mama Revokatus, si ujipime na hicho kitu?" Yonasi aliuliza.

"Ananiletea makombo. Akisha kula nyama ananitupia mfupa."

"Mfupa unapima damu, mke wangu."

"Basi upime wewe."

Sasa, kikapu. Nchi ile yote, kikapu cha mtu hakirudi kwake kitupu. Ukiletewa na maharage, unakirudisha hata na ndizi mbili, na asiyefanya hivyo huzungumzwa. Beatrisi hakuwa mtu wa kuzungumzwa. Alichuja mawese mapya, yale mekundu ya kwanza, akajaza chupa kubwa, akaifuta vizuri. Viatu alibaki navyo, maana mguu ulikuwa unauma kweli. Kimashine alikirudisha palepale kilipokuwa, kwenye kitambaa chake, chini kabisa ndani ya kikapu, akaweka chupa juu yake. Dada yake angepokea mawese kwanza, kisha angekutana na jibu.

Alifika Rumonge karibu na saa ya chakula cha mchana. Anita alimpokea kwa furaha iliyomchukiza, akakiweka kikapu mezani bila kukifungua, akamvuta hadi jikoni.

"Kaa hapa karibu yangu. Umekuya saa nzuri. Iko ugali, iko samaki, ndagala ya leo asubuhi. Tutakula pamoja."

Beatrisi akakaa. Kila kitu mle ndani kilikuwa kinang'aa. Frigo ilikuwa nyeupe, ndefu kumpita yeye, inanguruma kwa kushiba. Anita aliifungua, na mlangoni, kando ya nyanya na chupa ya maziwa, Beatrisi akaziona zile kalamu zimelala kwenye kikopo. Anita alichukua ile anayoitumia, iliyokuwa mezani pale, akaifunga kisindano, akaizungusha mwishoni ikatoa milio midogo, akapandisha blauzi, akajichoma tumboni huku akiendelea kuzungumzia bei ya samaki. Ilikuwa rahisi hivyo. Beatrisi alitazama kila kidole cha dada yake.

"Haiumi?"

"Aa, ukishazoea unasahau." Anita akainuka. "Minakwenda kukoroga ugali kule nje kwa makaa. Maji ya baridi iko kwa frigo, jisikie nyumbani."

Alitoka. Beatrisi alifungua frigo. Baridi ilimpiga usoni na harufu ya nyanya. Alisimama pale akiziangalia zile kalamu, nyingi, zimepumzika mahali pazuri kuliko chumba anacholala yeye, na wivu ukampanda mpaka macho yakaingia maji. Mkono ukaenda. Kalamu moja ikaingia kwenye pindo la kitenge kiunoni, pamoja na visindano vyake viwili vitatu vilivyokuwa kwenye kikopo.

Hapo angekaa ale, hadithi ingeishia pengine. Lakini mwizi hali na mwenye mali, na Beatrisi hakuwa na uso wa kupokea sahani. Alisema ameshiba, Yonasi anamsubiri, mguu unavuta. Anita alisimama na mwiko mkononi, mvuke wa ugali umemlowesha miwani, akamwomba abaki hata kidogo, kuna jambo anataka kumuuliza. Beatrisi akasema siku nyingine. Akatoka na lile alilojifunza: kuzungusha, kupandisha nguo, kuchoma. Nusu ya pili, ile ya kuketi na kula mara moja, hakuiona, kwa sababu aliondoka kabla ya chakula.

Asubuhi iliyofuata alijipangia tiba yake. Alikumbuka kwamba pale zahanati huambiwa siku zote waje na tumbo tupu, akaona wazi kwamba dawa nzuri hutaka tumbo tupu. Hata chai hakunywa. Akameza kidonge chake cha kila siku, kizima safari hii, si nusu. Akafunga kisindano, akazungusha ile kalamu. Anita alikuwa ameizungusha kidogo, lakini Anita hakuwa na kidonda, na mtu aliyenyimwa muda mrefu hana sababu ya kujipunja, kwa hiyo Beatrisi akaizungusha mpaka ikagoma. Akachoma. Akakaa akisubiri kuwa Anita.

Haikuuma, na hilo lilimfurahisha. Alikwenda kazini kwa miguu, na njia nzima aliona kidonda kimekuwa chepesi. Alijisikia mtu mwenye siri ya thamani.

Kazi ilikuwa kwenye mashine ya kukamulia mawese, siyo mbali na nyumba yao. Ni mashine ya kuzungushwa kwa mikono: watu wanasukuma mti mrefu wakizunguka, ngazi, yaani matunda ya mchikichi, zilizochemshwa zinabanwa, mafuta yanatiririka kwenye pipa. Beatrisi kazi yake ilikuwa kuchambua ngazi kutoka kwenye mikungu yake yenye miiba. Kazi hiyohiyo ndiyo iliyompa kidonda. Alikaa kwenye gunia, akaanza. Mikono ikaanza kumtetemeka. Akaona jasho linamtoka na jua bado halijakaza. Akamwona Yonasi akizunguka na mti wa mashine, akizunguka, akawa Yonasi wawili, akataka kucheka. Baada ya hapo hakuona kitu.

Mengine alisimuliwa, na kila msimuliaji alitia chumvi yake. Walisema aliangukia kwenye maganda. Mmoja akasema ni kifafa, mwingine akasema amerogwa na wenye shamba wa zamani, wa tatu akanusa mdomo wake kama amelewa. Scovia, mama anayewauzia wafanyakazi chai, alikuja mbio na kikombe, chai ya rangi yenye sukari ya kutosha kusimamisha kijiko. Yonasi akamkinga kwa mwili wake.

"Hapana! Huyu ana sukari! Usimpe sukari, utaniulia mke!"

Miaka yote hiyo alikuwa amemlinda. Alificha sukari ya watoto, alimnyang'anya ndizi mbivu, alimwagia kuku soda ya msiba. Sasa mke wake amelala, povu mdomoni, na huyu mwanamke anataka kummiminia sumu yenyewe. Scovia akavuta kikombe huku, Yonasi akakisukuma kule, na Beatrisi akawa anazidi kupoa katikati yao.

Katika kumgeuza, kalamu ilidondoka kutoka kwenye pindo la kitenge.

Yonasi aliiokota. Hakuhitaji kuambiwa imetoka wapi. Alitoa simu, vidole vimejaa mawese, akakosea, akapiga tena. "Shemeji," alisema, "huku kuna kalamu yako. Mdogo wako ameanguka, haongei, mwili wa baridi." Walisema sauti ya Anita ilisikika na kila mtu pale, simu ikiwa mbali na sikio.

"Mupe sukari! Yonasi, mupe sukari sasa hivi! Nyingi!"

Yonasi aliganda. Baadaye alikiri kwamba kwa kitambo kidogo alijiuliza kama huyu shemeji, aliyerudishiwa mashine yake, hana kinyongo. Halafu akamtazama mkewe, akajua hana tena cha kupoteza. Akakaa chini, akampakata, akampaka sukari ya Scovia kwa kidole ndani ya shavu na kwenye ufizi, kidogo kidogo, mpaka alipoanza kumeza, ndipo chai ikafuata. Beatrisi alizinduka kichwa kikiwa mapajani mwa mumewe, shingo yote inanata, nyuki wawili wanamzunguka, na Yonasi akilia waziwazi mbele ya vijana wa mashine.

Anita alifika na gari. Petroli aliipata wapi, hakuna aliyeuliza. Walimpeleka Beatrisi zahanati, akalazwa kwenye kitanda cha chumba cha daktari, nyuma ya ule mlango wa mbao nyembamba. Kwa mara ya kwanza dada hao wawili walikuwa upande mmoja wa mlango.

Alitamani afokewe. Anita hakumfokea. Aliiweka kalamu mezani, akaongea na daktari kwa Kifaransa, polepole, akionyesha kalamu, akionyesha tumbo, akionyesha mguu. Beatrisi alisikia jina lake likipita katikati ya maneno hayo mara kwa mara. Akawaza kwamba sasa ndiyo anaitwa mwizi kwa lugha ya kizungu. Kisha akamwona Anita amemgeukia, uso umebadilika.

"Beatrisi. Dokiteri anasema hii dawa alitaka kukupatia tangu zamani. Vidonge peke yake haviwezi tena. Alikuuliza kama uko na frigo, kwa sababu dawa inaharibika na joto. Ukasema hauna. Akakuuliza kama iko ndugu au jirani mwenye frigo." Anita alitikisa kichwa taratibu. "Anasema ulifanya na kichwa hivi. Hapana."

Beatrisi alimtazama daktari. Daktari Leonidasi alikuwa ameshika kiti kwa nyuma, na haraka yake yote ilikuwa imemtoka. Alisema neno kwa Anita, kwa sauti ndogo.

"Anaomba musamaha," Anita alisema. "Alifikiri unaelewa."

"Na mimi nilitaka afikiri hivyo," alisema Beatrisi.

Daktari alikifungua kidonda, akakisafisha kwa muda mrefu safari hii, akabonyeza hapa na pale, akaweka vidole vyake juu ya unyayo kusikiliza damu. Kidole kidogo cha mguu hakikuwa na matumaini. Mguu wenyewe, Anita alitafsiri, damu bado inafika, utabaki, kama sukari itashuka na kama Beatrisi atakuja kusafishwa kila inapotakiwa. Dawa yake itakaa kwenye frigo ya Anita. Atakuja kuichukua huko, na kalamu anayoitumia itakaa Kizuka kwenye chombo cha udongo, kivulini. Na kila akichoma, chakula kiwe tayari mbele yake.

"Kwa hiyo siku ya kuchukua dawa utakula kwangu," Anita alisema. "Upende usipende."

Yonasi, aliyesimama mlangoni, akacheka peke yake, akaona haya, akatoka nje.

Daktari alikuwa amekwisha kukaa kuandika. Akainua kichwa, akamuuliza Anita swali moja. Anita alivua miwani, akaanza kuifuta kwa pindo la blauzi.

"Anauliza nini?" Beatrisi alisema.

"Mambo ya mama." Anita aliendelea kufuta. "Kila nikiya ananiuliza. Mama yako alikufa namna gani? Ilianza na macho ao na miguu? Anasema inamusaidia kujua hii yetu inakwenda wapi. Na mimi sijui. Nikikosa jibu namuchekesha. Namwambia mama alinikimbia ili nisijue miaka yake. Tunacheka, tunapita kwa maneno ingine."

Beatrisi alikumbuka kile kicheko. Alikuwa amekila asubuhi ngapi, kikamkaa tumboni.

"Si ungeniuliza mimi."

"Nikuulize wewe?" Sauti ya Anita ilipanda, na daktari akaweka mikono mezani. "Tangu mulirudi niko nakuonea wivu, Beatrisi. Shangazi alikuona mulipofika, na mbele ya kufa aliniambia unakohoa kama mama. Unafunga kitenge kama mama. Wewe ulimupikia, wewe ulimuzika. Mimi niko na picha moja tu, ya karte ya kitambulisho chake, na uso haionekani. Minakuletea viatu, minakuletea masini, nikitumaini utaniambia kaa chini. Unaniletea mawese na unaondoka mbele ya chakula. Nilitaka kukuuliza hiyo tu. Alikuwa namna gani?"

Katika maisha yote ya Beatrisi hapakuwa na mtu aliyemwonea wivu kwa jambo lolote. Alijaribu kufurahi, maana alikuwa na haki ya kufurahi, lakini furaha haikuja. Aliiona kalamu mezani, na viatu laini chini ya kitanda, vimevuliwa vikaa pamoja. Alikuwa amepokea vingi kwa mtu huyu na kumrudishia chupa moja ya mafuta.

"Ilianza na miguu," alisema. "Wa kulia walimkata. Macho yakafuata, akawa haoni kabisa."

Anita aliacha kufuta miwani.

"Nilimlisha mimi. Nilimwogesha mimi. Usiku nilimshika mkono mimi, na watoto wangu wanalia njaa." Alivuta shuka hadi kifuani. "Na yeye akaniita Anita. Anita, nipe maji. Anita, umekuja? Nikamwambia, mama, ni mimi, Beatrisi. Akasema, ndiyo, Anita. Nilirudia mpaka nikachoka. Mwisho nikaitika tu. Amekufa akijua wewe ndiye uliyemshika. Kwa hiyo usiniambie habari ya wivu, dada. Wa kwangu ulianzia pale."

Anita alifunika mdomo kwa mkono.

Daktari akauliza kwa Kifaransa. Akauliza tena, kwa upole. Anita alifungua mdomo, yeye aliyekuwa na neno la kila kitu, na Kifaransa chote kikamkataa. Alibaki akitikisa kichwa, machozi yanadondoka kwenye miwani aliyokwisha kuisafisha.

Basi Beatrisi akajiinua kwenye mto, akamgeukia daktari mwenyewe. Alimwambia kwa Kirundi chake cha jikoni, polepole, neno baada ya neno: mama, mguu, macho, maji, mkono. Figo na mishipa havikuwamo, wala daktari hakuvihitaji. Alielewa yote, akainamisha kichwa, kisha akavuta karatasi yenye jina la Beatrisi akaanza kuandika.

Beatrisi alimwacha aandike mpaka mwisho. Halafu akamwonyesha Anita kwa kidevu.

"Andika na kwenye karatasi ya huyu," alisema. "Yeye ndiye aliyekuwa akiitwa."